Sukari ya Inspekta Opio

Inspekta Opio aliingia maabara bila kubisha hodi, na kitu cha kwanza alichokiweka mezani hakikuwa bastola bali sukari. Ilikuwa pakiti nzima, ya karatasi ya kahawia, haijafunguliwa bado. Na mjini Kampala, katika miezi iliyofuata mapigano ya uwanja wa ndege, mtu aliyetembea na pakiti nzima ya sukari hakuhitaji kuonyesha kitambulisho.

"Chemsha maji, binti wa Sajini," alisema, akivuta kiti na kukikalia kinyumenyume, mikono juu ya egemeo. "Leo tunakunywa chai kwanza. Kisha mtanionyesha hilo jicho lenu."

Nyuma yake askari mmoja alibaki mlangoni, bunduki begani, akitazama mvua.

Daktari Santa Aloyo alilijaza birika maji. Alimfahamu Opio tangu utotoni, katika kambi ya polisi ya Nsambya, ambako baba yake Santa alikuwa sajini na baba yake Opio konstebo, na ambako nyumba zao zilipakana hata mchuzi uliochemka huku ulinukia kule. Walisoma darasa moja. Mwalimu alikuwa na tabia ya kumwita Santa ubaoni azisahihishe hesabu alizozikosea Opio, na kila alipozifuta, darasa lilicheka. Miaka mingi ilikuwa imepita, naye Opio hakuwa amesahau hata kicheko kimoja.

"Sukari imetupotea muda mrefu," Santa alisema. "Chai tumeisahau."

"Ndiyo maana nimeileta. Serikali inawajali wasomi wake."

Mtu mwingine aliyekuwamo chumbani aliguna. Huyo alikuwa Daktari Marie-Louise, Mbelgiji mwenye mvi zilizokatwa fupi, aliyezaliwa Bukavu na kufundishwa Kiswahili na yaya wake kabla hajakijua Kifaransa sawasawa. Sasa aliongoza maabara katika mji wa Liège, huko kwao, na kila mwaka alikuja Kampala na sanduku la vifaa na orodha ndefu ya malalamiko.

Kwa miaka kadhaa maabara hizo mbili zilikuwa zimefanya kazi pamoja. Kampala iliotesha fuwele, Liège ikazipima. Fuwele yenyewe ilikuwa jiwe angavu lisilo na rangi, lililokua polepole ndani ya maji ya vuguvugu yaliyokolea chumvi zake, kutoka katika mbegu ndogo iliyoning'inizwa kwa uzi. Umeme wa mji ulipokatika, na ulikatika mara kwa mara, tangi lilifungwa kwa majani ya migomba na kuwekwa karibu na makaa, kama watu wanavyoyapika matoke, lisipoe ghafla. Mbegu za Kampala zilikatwa kutoka katika fuwele za Liège, na fuwele bora za Liège zilitokana na mbegu za Kampala, hata hapakuwa na mtu aliyeweza tena kusema ukoo ule ulianzia wapi.

Ajabu ya fuwele hiyo ilikuwa ndani yake. Chembe zake za umeme zilijipanga zote kuelekea upande mmoja, kama askari katika gwaride. Joto likibadilika hata kidogo, gwaride zima lilitikisika, na mtikisiko huo uliusogeza mshale wa mita. Ukiusogeza mkono karibu bila kuigusa, fuwele ilijua.

Na hilo ndilo Marie-Louise alilolisema mbele ya watu wasiostahili kulisikia. Juma lililotangulia, katika tafrija ya hotelini, alipoona kwamba kibali cha kuendeleza ushirikiano kinasuasua, aliinua glasi yake na kuwaambia wakubwa wa serikali kuwa fuwele ya Kampala humwona mtu gizani kwa joto la mwili wake tu. Wakubwa walipiga makofi. Opio, aliyekuwa amesimama karibu na pazia, hakupiga. Aliuliza swali moja: "Kwa umbali gani?"

Asubuhi hiyo, kabla Opio hajafika, wanawake hao wawili walikuwa wamegombana.

"Wataitumia kuwindia watu," Santa alimwambia.

"Kila serikali huwinda watu," Marie-Louise alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sanduku lake. "Wape kipande kimoja wachezee. Mimi nataka kibali, wewe unataka jenereta. Na Cleopas yuko wapi? Nahitaji vipande vipya."

"Amekwenda kwao."

Cleopas Oloo hakuwa amekwenda kwao. Fundi huyo Mkenya, aliyezikata fuwele kwa uzi uliolowa maji kwa sababu msumeno ungezipasua, alikuwa amejificha katika chumba cha nyuma ya baa moja huko Kabalagala, kwa mama mmoja aitwaye Nafuna. Tangu Julai, serikali ilipowalaumu Wakenya kwa kuwasaidia wavamizi wa uwanja wa ndege, walikuwa wakikamatwa barabarani na kazini, na wengi hawakuonekana tena. Jumamosi usiku mtumbwi ungemchukua kwenye matete karibu na Port Bell, umvushe ziwa. Mahali pale palikuwa karibu mno na gereza la Luzira, na ndiyo sababu walinzi hawakupashuku; kinga yake ilikuwa giza, basi. Santa aliyajua haya yote na hakumwambia mgeni wake. Mtu aliyeweza kuwauzia wakubwa habari za jicho la gizani ili apate kibali, angeweza kusema lolote.

Sasa Santa aliliweka birika kwenye sigiri. Maji yalipochemka alitia majani, akaliepua, akamimina vikombe vitatu, akaliweka mezani na kulivika kifuniko cha sufi alichofumiwa na mama yake. Kisha alilichukua kopo kutoka kabatini.

Lilikuwa kopo la kakao lililotiwa mchele mkavu, na ndani yake mlikuwa na kipande kimoja tu cha fuwele, chembamba kama ukucha, kilichopakwa fedha pande zote mbili. Vingine vilikuwa vimekwisha. Unyevu ulikuwa adui mkubwa wa vipande vile, na siku za mvua Cleopas alizoea kuliweka kopo kando ya birika, lipate joto jepesi. Kando, kwa urefu wa mkono. Lisikaribie zaidi ya hapo. Amri hiyo aliitoa Marie-Louise mwenyewe, na safari iliyopita alimgombeza Cleopas mbele ya wanafunzi kwa kulisogeza kupita kiasi. Kwa maana fuwele ile haihitaji moto mkali ili iharibike. Joto la chai ambayo mtu aweza kuinywa bila kuipuliza linatosha kulivunja gwaride lake. Kila chembe huelekea inakotaka. Ikipoa, fuwele huwa angavu kama zamani, haina ufa wala doa. Lakini haijui kitu tena, mpaka ipangwe upya kwa nguvu ya betri, na mtu anayeijua kazi hiyo.

Santa alikiinua kifuniko cha sufi, akalisukuma kopo mpaka likagusana na ubavu wa birika, akavifunika vyote pamoja.

"Unafanya nini?" Opio aliuliza.

"Mvua hii ina unyevu, afande. Huwa tunaikausha kwa joto la birika."

Ilikuwa kweli, au nusu yake. Marie-Louise aliinua kichwa kwa ghafla.

"Santa! Kopo hilo—"

"Kopo liko mahali pake, Daktari."

"Haliko mahali pake! Mara ngapi nimesema—"

"Maabara hii ni yangu," Santa alimkata. "Ukiwa Liège, utaniagiza niliweke unapotaka. Hapa kaa chini unywe chai."

Opio alicheka mpaka akapiga egemeo la kiti kwa kiganja. "Umeona, Mama Mzungu? Hivi ndivyo alivyo tangu shule. Hata mgeni hamstahi. Mimi alinifuta ubaoni kama vumbi la chaki."

"Zilikuwa hesabu mbaya," alisema Santa.

"Zilikuwa mbaya, ndiyo. Na leo mwenye hesabu nzuri ananipikia chai." Aliipasua pakiti kwa kidole gumba, akatia vijiko vitatu katika kikombe chake na kukoroga kwa makelele. "Tia sukari, binti wa Sajini. Usiogope. Haina sumu. Sumu tunayo nyingine."

Santa alitia nusu kijiko. Marie-Louise hakukigusa kikombe chake. Macho yake yalikuwa kwenye kifuniko cha sufi, na uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira. Kwake yeye kazi ya miaka ilikuwa ikiungua pale mezani, mbele ya mtu aliyekoroga sukari bila haya. Mkono wake ulianza kuelekea kwenye birika.

"Sikilizeni mpango," Opio alisema, na mkono ule ukasimama. "Jioni hii nalichukua jicho hilo, na Mama Mzungu anakuja nami kulifunga. Hatakwenda uwanja wa ndege kabla halijafanya kazi. Tutalianzia Port Bell. Kuna panya wanaopita kwenye matete pale, nyuma ya Luzira kabisa, wakidhani kwamba sisi tumelala." Alikunywa, akajifuta mdomo. "Yupo mmoja ninayemtaka zaidi. Mnamjua. Yule fundi wenu, Oloo."

Santa alikiweka kikombe chake mezani, mvua ikipiga mabati.

"Oloo aliacha kazi," Santa alisema.

"Aliacha kazi, akaliacha na koti lake?" Opio alinyoosha kidole kwenye msumari wa ukutani, ambako koti la kazi la Cleopas lilikuwa limening'inia, mfuko mmoja ukiwa umechanika. "Mkenya haachi koti. Yumo mjini, na mlango wake uliobaki ni ziwa. Atakuwa mtu wa kwanza kuonwa na jicho lenu. Hebu fikiri, Mama Mzungu! Fuwele aliyoikata kwa mikono yake mwenyewe inamwambia: karibu, Bwana Oloo, nimekusikia joto lako."

Alikicheka kichekesho chake peke yake. Marie-Louise aliurudisha mkono wake kutoka kwenye birika, akaupakata. Alimtazama Santa. Kisha alilitazama lile koti, na mwishoni akakirudia kifuniko cha sufi. Santa aliona jinsi jambo lilivyomwingia mwanamke yule, polepole, na hakuweza kujua kama litatoka kinywani mwake.

"Mbona chai imewapoa?" Opio aliuliza. "Haya, yatosha. Lete jicho."

Santa alikiondoa kifuniko na kulitoa kopo. Bati lilimchoma vidole, hakuonyesha. Alikitoa kipande kwa koleo dogo, akakishika hewani dakika kadhaa akijifanya anakikagua, mpaka alipokisia kuwa kimepoa, ndipo akakibana katika nyaya zake. Mita ilitumia betri, kwa hiyo kukatika kwa umeme hakukumpa udhuru. Aliiwasha. Mshale ulisimama kwenye sifuri.

"Kule hotelini tuliambiwa: mkono tu," Opio alisema. Aliinuka, akaikunja mikono ya shati kama mtu anayetaka kunawa, akakisogeza kiganja chake kipana karibu na kile kipande.

Mshale haukwenda.

Alikaribia zaidi. Alikiondoa kiganja, akakirudisha. Alikipulizia kipande pumzi yake, na mshale ukatetemeka, upana wa unywele, kisha ukarudi ulikokuwa.

"Umetikisika!" Opio alipaza sauti. "Nimeuona. Wewe askari, umeuona?"

"Ndiyo, afande," askari alisema, ambaye hakuwa ameona kitu.

"Ni lori lililopita barabarani," Santa alisema.

"Sikusikia lori." Opio aligeuka taratibu, akamwacha Santa na kumsogelea mgeni. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka usoni. "Wewe ndiwe uliyesema. Mbele ya wakubwa, glasi mkononi, ulisema humwona mtu gizani. Basi nieleze. Jicho hili lina ugonjwa gani? Nani amelifanya nini?"

Santa alizitazama nyaya. Kulikuwa na jibu moja la kweli, nalo lilikuwa fupi. Marie-Louise angeweza kulisema huku amekaa: lilipata joto kupita kiasi, nipe betri na jioni moja, litapona. Kwa jibu hilo angepata kibali chake na jina lake zuri. Na kwa jibu hilo Santa angetolewa chumbani humo kwa mlango ule ule alioulinda askari, na Cleopas angeingia mateteni Jumamosi na kukuta anasubiriwa.

Marie-Louise alisimama. Alikuwa mrefu kuliko Opio.

"Halina ugonjwa, bwana Inspekta. Ndivyo lilivyo. Mshale huu hutikisika hata mlango ukifungwa."

"Na maneno ya hotelini?"

"Nilitia chumvi. Nilitaka kibali."

"Ulitia chumvi." Opio aliyarudia maneno hayo kana kwamba anayaonja. "Kwa Kiswahili cha kambini tunasema ulidanganya. Sema hivyo."

"Nilidanganya."

"Sema: mimi, profesa kutoka Ulaya, niliwadanganya wakubwa wa Uganda."

Shavu la Marie-Louise lilimcheza. Santa alimjua mwanamke yule. Alikuwa amemwona akigombana mwezi mzima kwa ajili ya kosa dogo katika kipimo, asikubali kuandika asichokiona. Lakini sasa Marie-Louise aliyasema neno kwa neno, sauti kavu, macho juu ya kichwa cha Opio.

"Vizuri," Opio alisema. "Sasa nimefurahi." Alikinyakua kile kipande kutoka katika nyaya, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akakidondosha ndani ya kikombe cha mgeni, ambacho hakikuwa kimenywewa. Alikoroga kwa kijiko. Kipande kiligonga ukingo wa kikombe mara chache, halafu kikaacha kugonga. Kiliyeyuka kama sukari ile ile aliyoileta, na juu ya chai vikabaki vipande vyembamba vya rangi ya fedha, vikizunguka.

"Jicho gani hilo linaloyeyuka katika chai?" alisema, naye akamwonyesha askari lile tangi. "Mwaga."

"Hilo halina uhusiano!" Marie-Louise alipiga kelele, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka. "Hilo ni kazi ya mwaka mzima! Bwana Inspekta, nakuomba—"

Askari aliyapasua majani ya migomba kwa kitako cha bunduki, akaliinamisha tangi juu ya karo. Maji ya vuguvugu yalitoka kwa mkupuo. Mwishoni ilikuja fuwele yenyewe, kubwa kama ngumi, ikiwa bado imefungwa kwenye uzi wake. Ikagonga saruji, ikapasuka. Santa hakusogea. Ukoo ule wa Liège na Kampala ulikuwa umeishia pale, kwenye tundu la karo, naye hakujiruhusu hata kufumba macho.

"Mama Mzungu, una saa mbili za kufunga sanduku lako," Opio alisema. "Gari langu litakupeleka uwanja wa ndege, na usirudi. Ushirikiano umekwisha. Sisi tutashirikiana na watu wanaosema kweli."

Alitoka kwenda kumwita dereva. Kwa dakika chache askari naye alisimama nje kuvuta sigara, na wanawake wale wakabaki peke yao na harufu ya majani yaliyolowa.

"Ungeniambia," Marie-Louise alisema kwa sauti ya chini. Alikuwa akitupa vifaa sandukuni bila kuvifunga. "Asubuhi nilikuuliza. Ungeniambia kuhusu Cleopas."

"Nawe ungemwambia nani?"

"Hilo ni tusi."

"Ni tusi. Lichukue uende nalo."

"Nimejiita mwongo kwa ajili yako. Kesho itajulikana kila mahali ninapofanya kazi. Na ile fuwele, Santa! Ile fuwele!" Alifunga sanduku kwa goti. "Sitakusamehe kamwe."

"Usinisamehe," Santa alisema. "Nenda tu. Na huko kwenu, wakikuuliza Cleopas yuko wapi, sema amekwenda kwao."

Marie-Louise aliliinua sanduku lake. Hakumpa mkono. Alipofika mlangoni alisimama mbele ya lile koti, akakigusa kile kipande cha mfuko kilichochanika, akakirudisha mahali pake kama anayefunga bahasha. Kisha akatoka mvuani.

Opio alirudi kwa ajili ya kofia yake.

"Sukari naiacha," alisema. "Jumatatu nitakuja kuinywa. Mimi sikuelewa yote yaliyotokea hapa leo, binti wa Sajini. Najua tu kwamba hesabu imefutwa mahali fulani, na wewe ndiwe uliyekuwa ubaoni." Alivaa kofia. "Jumatatu nikikuta mlango umefungwa na wewe hupo, nitajua jibu. Nitawatafuta wote, kuanzia ufukweni."

Santa alielewa alichoambiwa. Katika mtumbwi wa Jumamosi palikuwa na nafasi. Nafuna alikuwa amekwisha kumwambia hivyo, na asubuhi ile alikuwa ameanza kuiwaza. Sasa nafasi hiyo haikuwa yake tena. Akivuka, habari za kutoweka kwake zingefika ufukweni kabla hata hawajafika ng'ambo, au zingewaponza wengine waliokuwa wakisubiri mtumbwi wa pili. Jicho la gizani lilikuwa limezimwa, lakini Opio alikuwa na macho yake mawili ya kawaida, na Santa alihitaji yatazame mahali pamoja tu: hapa.

Jumamosi ikapita. Jumapili alikwenda misa, akasimama pale ambapo watu wangemwona. Jioni yake mtoto wa dada yake Nafuna alimletea ndizi za kuchoma asizoagiza, ambayo ndiyo ilikuwa ishara waliyopatana: Cleopas amefika.

Jumatatu Inspekta Opio alikuja mapema, peke yake, bila kubisha hodi. Tangi lilikuwa limeoshwa na kukauka. Koti halikuwapo msumarini. Birika lilikuwa limekwisha kuchemka, limevikwa kifuniko chake cha sufi, na kando yake vilikuwapo vikombe viwili na pakiti ya kahawia, kama alivyoiacha.

"Umechelewa, afande," Santa alimwambia. "Kaa. Chai yako inapoa."